Hukula Miaka ya Mtu

Ruti mwanangu, mama yangu mdogo,

Begi lako liko tayari pale mlangoni. Mama yako amelifunga na kulifungua mpaka zipu imeanza kulalamika. Alfajiri unaondoka kwenda Morogoro kusomea upimaji wa ardhi, na mimi nimekaa hapa mezani na kalamu, mtu ambaye hata kuandika bei kwenye kipande cha boksi ananung'unika. Mambo ya chakula, nguo, marafiki wa bwenini na vibaka wa stendi sitayagusa. Umekulia Tunduma, mpakani, mji ambao mtu anaweza kuuziwa simu yake mwenyewe na akashukuru kwa kupunguziwa bei. Kama hujajifunza hapa, barua haitakusaidia.

Nina jambo moja tu, na ninaliandika nikiwa na hasira. Nilisema ningoje zipoe ndipo niandike. Nimengoja tangu Julai na hazijapoa, kwa hiyo zipokee hivyo hivyo za moto.

Jana mama yako alipokuwa akikunja nguo zako alikuta vidonge ndani ya soksi. Si kimoja. Ni vidonge vyako vya asubuhi, vile vinavyofanya kazi ya tezi uliyotolewa shingoni. Alikuuliza, na aliniambia ulivyomjibu. Hukumjibu kwa jeuri. Ulisema, "Mama, kila nikimeza naona kama nameza siku za bibi."

Nilipoambiwa hivyo nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kumbe ndiyo maana! Tunduma inaungua na joto la Oktoba na wewe umevaa sweta. Unalala mchana, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, nami nikadhani ni mawazo ya kuondoka. Mtoto wangu anajizima mwenyewe taratibu ndani ya nyumba yangu, kwa sababu ya maneno ya shangazi yako Elida.

Maana yalianzia kwa Elida, tusizunguke. Ilikuwa Julai tulipokwenda Mbozi kujengea kaburi la bibi yako. Saruji imekauka, watu wamekula, tunajiandaa kuondoka, dada yangu akakushika mkono akakupeleka upande wa kichwa cha kaburi. Akakupigisha magoti mbele ya ukoo mzima. Akasema wewe na marehemu ni Ruti wawili, jina moja, ugonjwa mmoja, shingo moja, na haiwezekani wote wawili wabaki, ndiyo maana mmoja alimwachia mwenzake miaka. Akakuambia, "Mshukuru bibi yako kwa miaka aliyokupa, na uitumie vizuri, maana si yako." Nawe ulishukuru. Nilikuona kwa mbali ukiinamisha kichwa, ukashukuru.

Mimi nilikuwa upande wa pili nikipakia masufuria kwenye gari. Mpaka nafika ulikuwa umeshasimama unajipangusa udongo. Nilimfokea shangazi yako pale pale, ulisikia, watu wakanishika. Wazee wakaniambia nisivuruge mila. Mila gani? Mimi ni Mnyiha, baba yangu Mnyiha, na babu yangu alikuwa Mnyiha kabla barabara ya lami haijafika Nanyala. Tunawapa wajukuu majina ya bibi na babu zao, ndiyo. Ndiyo maana mimi nakuita mama. Lakini kumpigisha mtoto magoti adaiwe uhai wake, hiyo si mila ya Wanyiha, hiyo ni mila ya dada yangu Elida na imeanza Julai.

Sasa nisikilize. Kuna jambo tuliloambiwa mimi na bibi yako Dar es Salaam, wewe ukiwa umefungiwa kwenye kile chumba cha dawa ya mionzi. Hukulisikia. Baadaye ulipona, ukarudi shule, na mimi nikaona hakuna haja ya kumkumbusha mtoto mambo ya saratani. Nilinyamaza, na pale niliponyamaza dada yangu akapata nafasi ya kusema. Leo nasema mimi, tangu mwanzo.

Unajua biashara yangu. Nilianza na chumvi ya Ivuna, ile ya kijivu inayochemshwa kule bondeni Momba. Nilikuwa naipandisha Mbozi kwa magunia, naipima kwa bakuli, na nyingine wafugaji wa Ndalambo wananunua kwa ajili ya ng'ombe. Likaja soko huria, ikaja chumvi nyeupe ya pakiti, wakaja na mabwana afya kumwaga chumvi yetu barabarani kwa sababu haina madini joto. Walikuwa wanasema kweli, siku hizi nakubali. Kule Mbozi rovu, uvimbe wa shingo wa kukosa madini hayo, lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba mwanamke mwenye shingo nyembamba ndiye aliyetazamwa mara mbili. Bibi yako alikuwa na rovu tangu usichana wake. Alilivalisha shanga siku za sherehe. Hakuna aliyeliita ugonjwa.

Kwa hiyo siku bibi yako alipokuwa akikusuka, akakupapasa chini ya kidevu, akasema, "Haa, huyu naye ana kitu kama changu," sisi wote tulicheka. Ulikuwa darasa la sita. Tulisema mtoto kamrithi bibi yake mpaka rovu. Na mimi, muuza chumvi, nilijifanya daktari. Nilileta katoni nzima ya chumvi ya pakiti, yenye madini joto, nikamwambia mama yako aimwage kwenye mboga bila huruma. Mlikula chumvi mwaka mzima mpaka mbwa akawa anakunywa maji usiku kucha. Uvimbe haukusikia chumvi. Ulikua, ukaja mwingine pembeni, na mwingine, vinundu vimepangana kama maharage chini ya ngozi.

Nilikupeleka zahanati. Tabibu, kijana tu na koti lake limepigwa pasi vizuri, alikushika shingo kwa vidole viwili huku akiongea na mtu dirishani. Nilimuuliza, "Haiwezi kuwa saratani?" Akacheka. Alinicheka, Ruti. Akasema, "Mzee, saratani ya tezi kwa mtoto? Hiyo ya wazee. Huyu ana rovu la kwenu." Akatuandikia vidonge vya homa na kutuambia tuchangie gharama. Nikatoka nimefarijika! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilitoka pale nikipiga mluzi. Nilimwamini kwa sababu alisema nilichotaka kusikia.

Wakati huo huo rovu la bibi yako, ambalo lilikaa kimya miaka yote hiyo, likaanza kukua upande mmoja. Likawa gumu. Sauti yake ikakwaruza. Ndipo nikawabeba wote wawili kwenda Mbeya, wakachomwa sindano za shingo, wakapigwa picha. Majibu yakaja, nyote saratani ya tezi, tena ya aina moja, jina lile lile. Ila ya bibi ilikuwa shingoni tu. Yako ilikuwa imeshafika kwenye mapafu, imetapakaa huko vidoa vidoa. Wakasema nendeni Dar es Salaam.

Tukakaa kikao cha ukoo, na hapa uelewe vizuri alichokifanya shangazi yako, maana hajaanza leo. Elida alisimama akasema, "Ya mama ipo shingoni, inatibika. Mpelekeni mama. Ya mtoto imefika mapafuni, hiyo ndiyo imekwisha. Mkimpasua mnamtesa bure. Muacheni hapa tumwombee." Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa inaingia akilini, ndiyo ubaya wake. Kila mtu anajua kuwa ugonjwa uliosafiri mbali ni mbaya kuliko uliotulia. Ulikuwa umekaa mlangoni pale unachambua maharage, ukasikia kila neno, halafu ukauliza kama chungu kimoja kitatosha. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kila siku ya Mungu.

Mama yako ndiye aliyesimama. Mama yako ambaye hanyanyui sauti hata kwa kuku. Akasema, "Shemeji, wifi, na wengine wote. Kesho wanapanda basi moja, bibi na mjukuu. Asiyetaka asitusindikize." Tukapanda basi moja.

Mlipasuliwa wote, wewe na bibi yako, katika wiki moja. Kisha wakasema mtapewa dawa ya kunywa, madini joto yaliyotiwa mionzi, yakatafute seli za tezi zilizobaki popote mwilini yaziunguze. Lakini kabla ya hapo msile kitu chochote chenye madini joto kwa majuma kadhaa, ili mwili uwe na njaa nayo. Fikiria, mimi niliyekulisha katoni nzima ya chumvi ya pakiti, sasa natafuta Dar es Salaam yote chumvi isiyo na kitu. Haipo! Ikabidi nimpigie simu mwenzangu wa sokoni, akanitumia kwa basi fuko la chumvi ya Ivuna, ile ile waliyokuwa wakiimwaga barabarani. Mama yako akawapikia nayo ugali na maharage kwenye nyumba tuliyofikia. Bibi yako alikula akasema, "Angalau sasa chakula kina ladha ya nyumbani." Alikuwa na mdomo, mama yangu yule.

Wewe ukanywa dawa, ukafungiwa peke yako kwa sababu ya mionzi. Bibi yako alikuwa ameshakunywa ya kwake kabla yako na picha zake zilikuwa zimetoka. Daktari akatuita mimi na yeye. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anaongea akikutazama usoni. Akasema ya bibi haikunywa dawa. Dawa imepita tu kama maji juu ya mawe. Siku chache baadaye akatuita tena kwa picha zako. Mapafu yako yote yalikuwa yamewaka. Nilipoona vile nilishika kichwa, nikajua ndiyo basi. Daktari akanishika bega akasema, "Baba, hapana. Kuwaka huko ndiko tunakokutaka. Seli za saratani za Ruti zimekunywa dawa. Zinakunywa vizuri sana."

Nilimwambia sielewi. Ugonjwa mmoja, jina moja, wa mtoto umesafiri, wa bibi umetulia, halafu wa mtoto ndio unaotibika? Alivuta kiti akakaa. Naomba nikuandikie maneno yake nikiyakumbuka vizuri, maana nimeyarudia moyoni miaka yote hii kama mtu anayekariri namba ya simu.

Alisema saratani hii tunaiita kwa jina moja kwa sababu ukiiangalia kwa darubini inafanana, lakini ndani kabisa ya seli, kwenye jeni, kilichoharibika mara nyingi si kimoja. Kwa watoto na vijana, mara nyingi wanakuta jeni mbili zimekatika zikaungana mahali ambapo hazikutakiwa kuungana. Jeni hiyo ya kuungwaungwa inaisukuma seli ikue ovyo na isafiri haraka, kwenye matezi ya shingo, kwenye mapafu. Ndiyo maana kwa mtoto inakutwa imeshafika mbali. Lakini seli yenyewe bado inakumbuka kuwa ni tezi. Bado inataka madini joto. Ukiipa yenye mionzi inakunywa, inakufa.

Kwa wazee, alisema, mara nyingi ni kitu kingine. Ni herufi moja tu ndani ya jeni imebadilika, na kadiri miaka inavyokwenda yanaongezeka mabadiliko mengine juu yake, mpaka seli inasahau kazi yake. Haitaki tena madini joto. Inakaa shingoni lakini ni kaidi, inachimba kwenda ndani. Kwa hiyo umri si namba ya kuandika juu ya faili, umri unaashiria ni kitu gani pengine kimeharibika. Alisisitiza "mara nyingi". Alisema wapo wazee wengi wanaopona kabisa, na wapo watoto wanaopata ile ya wazee. Na akasema ukweli mwingine, kwamba jeni zenu nyinyi hakuna aliyezisoma, kwa sababu mashine ya kuzisoma hatuna. Anachosema ni kile walichokiona wenye mashine, nchi za watu, pamoja na kile anachokiona kwenye picha zenu.

Hapo nilikasirika upya. Yaani tabibu wa zahanati ananicheka kuwa mtoto hapati, ukoo unasema mtoto amekwisha, na jibu lilikuwa limeshajulikana na watu, limekaa mahali, ila halijapanda basi kuja Mbozi! Ningemsikiliza tabibu au ningemsikiliza dada yangu, ungekufa na ugonjwa unaokunywa dawa. Nilimwambia daktari hivyo kwa sauti kubwa mpaka nesi akachungulia. Daktari hakukasirika. Alisema, "Na mimi inaniudhi, baba."

Nikamuuliza lile swali ambalo najua unalo, Ruti, kwa sababu uliwahi kumuuliza mama yako kama utakuja kuwapa watoto wako ugonjwa huu. Nilimuuliza kama bibi ndiye aliyekupa, kwa damu au kwa jina. Akatikisa kichwa. Akasema zipo saratani za tezi za kurithi, ila ni aina nyingine, si hii yenu. Hii yako jeni zake zilikatika ndani ya tezi yako mwenyewe ulipokuwa ukikua, na ya bibi ilibadilika ndani ya tezi yake mwenyewe alipokuwa akizeeka. Zimekutana kwenye nyumba moja, basi. Hakuna kilichotoka kwake kuja kwako, na hakuna kilichotoka kwako kwenda kwake. Nakuomba usome sentensi hiyo mara nyingine.

Bibi yako alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, kanga ameizungushia bandeji ya shingo. Akauliza kwa ile sauti yake iliyobaki ya kukwaruza, "Kwa hiyo ugonjwa wangu ni mzee kama mimi, umesahau kazi yake?" Daktari akacheka kidogo, akasema ndiyo bibi, ni kama hivyo. Bibi akauliza, "Na wa mjukuu wangu bado una akili?" Ndiyo bibi. Halafu akauliza kitu ambacho hukijui. Aliuliza, "Nimeacha miche ya kahawa kwenye viriba, kule nyumbani. Nitafika kuichuma?"

Daktari aliangalia chini. Kahawa tangu ipandwe mpaka ianze kuzaa ni miaka. Bibi yako alielewa. Unadhani alisema nini? Unadhani alisema basi, nimekula chumvi nyingi, mtoto abaki? Shangazi yako angependa iwe hivyo. Bibi alisema, "Sijapenda." Neno hilo hilo. Akaamka akatembea mpaka mlangoni, akageuka akasema tena, "Sijapenda kabisa."

Tukarudi Mbozi. Wewe uliendelea kupona, ukarudi kunywa dawa mara nyingine, mapafu yakasafika. Yeye akaanza kunyong'onyea. Lakini hakulala akingoja. Alikuwa anatoka asubuhi na fimbo kwenda kumwagilia ile miche. Aliwafokea vibarua waliochimba mashimo mafupi. Alihamisha miche yake shambani mvua za kwanza zilipoanza, amepiga magoti kwenye tope, mimi namsihi aache, ananijibu kwa mkono kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Na sasa nakuambia jambo ambalo tulikuwa ndani watu watatu tu, mimi, yeye na Elida. Nimemstahi dada yangu miaka yote, sikulisema. Julai amejiondolea heshima hiyo mwenyewe. Siku moja Elida alikuja kumwombea bibi. Akapiga magoti kando ya kitanda akaanza, na ndani ya maombi akasema, "Bwana, mama ameshaona siku nyingi. Mchukue yeye, umwachie mtoto miaka iliyobaki." Bibi alikuwa ameshika kikombe cha uji. Alikirusha, Ruti. Mwanamke ambaye alikuwa hawezi kumeza vizuri alirusha kikombe kikapiga ukuta, uji ukamwagikia Biblia. Akamvuta Elida karibu na mdomo wake ili asikike. Akasema, "Nani amekutuma? Mimi nimetoa? Ruti ana miaka yake, ale yake. Mimi nataka yangu." Elida akaanza kulia akisema mama, ilikuwa maombi tu. Bibi akasema, "Futa uji."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikupenda kupita kiasi, alikuwa anakutumia ndizi na maparachichi kila gari linaloshuka Tunduma. Lakini hakufa kwa ajili yako. Alikufa kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa kizee na kaidi, na dawa iliyopo haikuuweza. Alikufa huku anataka kuishi, anataka kuchuma kahawa yake. Mtu akisema alitoa miaka yake, anamnyang'anya mara mbili. Kwanza alinyang'anywa miaka, sasa ananyang'anywa hata hasira zake kwa kunyang'anywa miaka. Nimechukia mno jambo hilo. Alizikwa huku dada yangu akilia kuwa mama alikuwa mtu wa kujitoa, mimi nikaangalia ukutani mahali uji ulipoacha alama.

Na wewe ulipopigishwa magoti Julai, ulimshukuru kwa kitu ambacho alikataa kwa mdomo wake kukitoa. Angeamka pale kaburini angekupiga kibao, halafu angemgeukia Elida.

Sitakuhubiria. Nimeishi na watu wa mpakani, najua mtu hawezi kuuziwa imani kama pakiti ya chumvi. Utafika huko bwenini, wasichana wataona kovu la shingo watauliza, na wengine watakuwa na mashangazi wao wa kuwaeleza mambo. Utakutana na madaktari pia, mmoja ataona mapafuni uliwahi kuwa na nini atashtuka, mwingine atakuona kijana atasema hii haiwezekani. Ukiwa na nguvu waeleze. Usipokuwa nazo waache, au waambie wampigie simu baba yako, mimi nina nguvu.

Ila kuhusu kidonge, daktari alituambia jambo moja, na hili ni lako kabisa. Tezi haipo. Usipomeza, ubongo unapiga kelele kuiita ifanye kazi, siku hadi siku unapaza sauti, na kama kuna seli ya saratani imejificha mahali, imelala, itasikia. Hicho kidonge kinanyamazisha kelele. Kidonge hakina siku za bibi ndani yake. Bibi hana siku kwenye chupa. Siku zilizomo ni zako, za mtoto ambaye seli zake zilikuwa bado na akili, na ambaye mama yake alisimama kwenye kikao akasema basi moja.

Ile kahawa imezaa. Huu ni msimu wake wa pili mzuri. Mwaka huu mimi na mama yako tulikwenda kuichuma, wewe ulisema umechoka ukabaki kwenye mkeka, na sasa najua kwa nini ulichoka. Nilimsikia jirani akisema miti hii inazaa kwa baraka za marehemu. Inazaa kwa sababu ilichimbiwa mashimo marefu na mwanamke mwenye hasira. Nimekutilia kifuko kidogo cha kahawa yake iliyokaangwa, kipo chini ya viatu, mama yako hajakiona.

Kesho alfajiri nitagonga mlango wako kabla ya chai, maana kidonge kinamezwa tumbo likiwa tupu. Nitakuwa na kikombe cha maji. Sitasema neno, nimeshasema yote hapa. Kama umesoma mpaka mwisho, chukua kikombe umeze mbele yangu, na kama bado unasikia sauti ya shangazi yako kaburini, sikiliza ya bibi yako pia. Ruti ana miaka yake, ale yake.

Baba yako.